Sayansi ya kompyuta bila kompyuta: dhana potofu na ukweli

Dhana: Shule isiyo na maabara ya kompyuta haiwezi kufundisha sayansi ya kompyuta.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawafungia watoto mlango kabla hawajabisha hodi. Mwaka 1936, kabla kompyuta tunazozijua hazijaundwa, mwanahisabati Alan Turing alishaeleza kwenye karatasi mashine inayoweza kufuata maelekezo yoyote ya kukokotoa. Wakati huo kwa Kiingereza "kompyuta" alikuwa mtu anayepiga hesabu. Kiini cha somo ni namna ya kutunza taarifa, kuzipanga na kugundua makosa, na hayo yanafundishika hata chini ya mwembe.

Chukua vizibo vya soda. Mtoto apange 25, vitano kwa vitano, vingine chali na vingine kifudifudi, atakavyo. Mwalimu aongeze kizibo kimoja mwisho wa kila safu mlalo, kisha safu moja nzima chini, vyote viwe 36. Watoto wataona kama anapamba tu. Kumbe anahakikisha kila safu, mlalo na wima, ina idadi shufwa ya vizibo vilivyolala chali. Kisha ageuke, mtoto apindue kimoja. Mwalimu akirudi anahesabu: safu mlalo moja imekuwa witiri, na safu wima moja pia. Zinapokutana, hapo ndipo kilipopinduliwa.

Darasa litataka kujua siri. Waache waitafute wenyewe, wasiambiwe upesi. Punde atatokea wa kuuliza, "Na tukipindua viwili?" Hapo mbinu itaonyesha kuna kosa, lakini haitasema kwa hakika ni vizibo gani. Swali hilo ni la kitaalamu kabisa. Mwaka 1950 mwanahisabati Richard Hamming alichapisha kazi yake maarufu kuhusu misimbo, yaani namna za kuandika taarifa kwa alama, inayogundua na kurekebisha makosa.

Wazo hilohilo limo nyuma ya kitabu cha kiada. Chukua ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, yenye tarakimu 13, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyohivyo hadi mwisho, ujumlishe. Jibu huishia na sifuri. Ukikosea tarakimu moja, haliishii.

Dhana: Ni michezo ya kupotezea muda.

Chora kwa chaki uwanjani njia sita zinazokutana mbili mbili. Watoto sita wenye namba waanze kutembea. Kila wawili wanapokutana, mwenye namba ndogo aende kushoto, mwenye kubwa kulia. Mchoro ukiwa sahihi, wakifika mwisho wamejipanga kwa mfuatano, hata wakianza vipi. Ulinganishaji 12 unamalizika kwa hatua 5 tu, kwa kuwa jozi kadhaa hulinganishwa kwa wakati mmoja. Wanajifunza kwa miguu yao kwa nini mashine hugawana kazi.

Dhana: Ni njia ya shule maskini.

Mbinu hizi zilienezwa sana na mradi wa CS Unplugged, wa kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta, wa miaka ya 1990, ambao Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ni mmoja wa waanzilishi wake. New Zealand haikukosa kompyuta.

Dhana: Mwalimu lazima awe mtaalamu.

Anatakiwa aujaribu mchezo mwenyewe nyumbani mpaka aelewe unafanyaje kazi. Kasoro ninayoiogopa ni nyingine: mchezo unaisha, vizibo vinakusanywa, na hakuna aliyesema vinahusianaje na simu iliyo mfukoni mwa mzazi.

Dhana: Basi kompyuta hazihitajiki tena.

Zinahitajika, na asitokee kiongozi wa kuzinyima shule kwa kisingizio cha vizibo. Kuandika programu, kuona imekwama na kuitafutia dosari kunahitaji mashine yenyewe. Ikifika, programu ya kwanza iwe ileile ya vizibo: ipewe safu sita, ikague shufwa na witiri, itaje kilichopinduliwa. Watoto tayari wanajua jibu linalotakiwa, kwa hiyo programu ikikosea watalitambua kosa wao wenyewe.