“Kwani Meli Si Inakwenda Huko Huko?”

Ujumbe umeingia tena asubuhi hii, safari hii na alama tatu za mshangao: “Kaka, meli inakwenda huko huko hata mimi nisipopanda, sasa nauli inazidije ya ndege!!!” Kazi yangu ni kukatia watu tiketi kwenye meli za mizigo. Swali hili nimelijibu kwa upole, kwa kifupi, kwa kirefu, na mara nyingine kwa kunyamaza tu. Leo nalijibu hapa, ili kesho nitume kiungo na kuendelea na chai yangu.

Inakwenda, ndiyo. Na kwa kuwa inakwenda bila wewe, haina sababu ya kukubembeleza.

Tupige hesabu. Kwa miaka mingi nauli ilizunguka kwenye euro 100 kwa siku, chakula ndani. Kutoka Ulaya ya kaskazini hadi pwani ya mashariki ya Marekani ni kama siku 10, kwa hiyo euro 1,000, bado bima na ada za bandari. Unaona nyingi? Meli kubwa ya makontena huchoma tani 100 za mafuta kwa siku, na ikikaza mwendo inapita hapo. Weka tani moja kwa dola 500: hiyo ni dola 50,000 kwa siku, zaidi ya 2,000 kwa saa. Nauli yako yote inateketea kwenye injini kwa nusu saa hivi. Hakuna mhasibu wa kampuni ya meli anayekosa usingizi kwa kuwaza abiria. Kwa ninavyoona mimi, kampuni zilizobeba watu zilifanya hivyo kwa mazoea, au kwa sababu kuna mtu mmoja ofisini aliyependa jambo hilo. Akistaafu huyo, kabini zinafungwa. Janga la 2020 liliwapa wengi sababu ya kufunga, na si wote waliofungua tena.

“Basi jazeni watu wengi, bei ishuke.” Haiwezekani. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unasema meli ikibeba zaidi ya abiria 12 ni meli ya abiria, na hapo inadaiwa boti za kuokolea, kinga za moto na ukaguzi wa aina nyingine kabisa. Mwenye meli ya mizigo hawezi kubadili yote hayo kwa ajili ya mtu wa 13. Na hiyo 12 yenyewe ni kikomo tu. Meli nyingi zina kabini mbili tatu zilizobaki, mojawapo ile iliyojengwa kwa ajili ya mwenye meli ambaye halali humo.

Kisha kuna wanaotaka kulipa kwa jasho. Nitapika, nitapiga deki, nitapaka rangi. Ndugu zangu, anayepaka rangi deki ni baharia mwenye vyeti vya STCW (vile vya kimataifa vya mafunzo ya ubaharia), cheti cha afya na mkataba wa kazi unaolindwa na sheria za kimataifa. Hata kwenda bandarini kumwona nahodha “mzungumze kiume” kumepitwa na wakati: tangu kanuni za ISPS, za ulinzi wa meli na bandari, zianze kutumika Julai 2004, hufiki kwa nahodha bila jina lako kuwa kwenye orodha, na ukifika, uamuzi si wake. Watu wanadhani ni kama kuomba lifti kwenye lori. Babu zao huenda waliweza, siwabishii. Tuendelee.

Sasa tarehe. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana hapa ndipo wateja wanaponitoa jasho. Mtu anaelewa bei, anaelewa vyeti, anasaini kila karatasi, halafu ananiambia amekata tiketi ya ndege ya kurudia nyumbani, isiyorudishwa fedha, siku ileile meli inayotarajiwa kufika. *Inayotarajiwa.* Nilishaandika neno hilo kwa herufi nene. Nimelipigia mstari. Bado.

Ratiba ya meli ya mizigo ni ya shehena. Faili la kawaida lina sura hii: meli inatarajiwa tarehe 4. Wiki moja kabla, inakuwa tarehe 7. Siku chache kabla, tarehe 6 saa nane usiku, gati nyingine, ng’ambo ya mto. Unasafiri hadi pale, unapanga hoteli. Tarehe 5 jioni wakala wa meli anapiga simu: upepo umezidi, kreni zimesimamishwa, meli iliyoko gatini haijamaliza kupakia, ya kwako iko nangani inasubiri zamu. Hoteli ni kwa gharama yako. Tarehe 8 saa tano asubuhi simu nyingine: uwe getini ndani ya saa mbili.

Na getini hakuna ukumbi wa abiria. Kuna kibanda, na mlinzi mwenye orodha. Herufi moja ya jina lako ikitofautiana na pasipoti, unakaa hapo hadi wakala apatikane, na wakala yuko kwenye meli nyingine. Kutembea kwa miguu kwenye yadi ya makontena ni marufuku, kwa hiyo unavishwa kizibao cha kung’aa na kupakiwa kwenye gari dogo linalopenya kati ya mashine zenye magurudumu marefu kuliko wewe. Ngazi ya meli ni ya aluminiamu, nyembamba, inanesa kila unapokanyaga, na chini yake kuna wavu ambao hukuupenda ulipouona. Begi unalipandisha mwenyewe, isipokuwa baharia wa zamu akikuonea huruma. Juu unaandika jina na saa kwenye daftari, ofisa wa tatu anachukua pasipoti yako, anakuonyesha jaketi okozi na mahali pa kukusanyika king’ora kikilia, kisha anakimbilia shehena yake. Haya, umepanda.

Kushuka nako kuna mambo yake. Bandari inaweza kurukwa kabisa. Meli ikichelewa, kampuni inaweza kuamua kuacha kituo kimoja ili iwahi zamu ya kinachofuata, na makontena ya kile kilichorukwa yatafuatwa na meli nyingine. Nawe vilevile, ila kontena halilalamiki. Masharti ya tiketi kwa kawaida yanawaruhusu kukuteremsha bandari nyingine, na nauli ya treni kutoka huko ni juu yako. Hata vituo vinavyofuatwa havikupi matembezi yale unayoyawaza: meli ya makontena mara nyingi haikai hata siku nzima, gati liko mbali na mji, na ukitoa muda wa teksi na wa kurudi mapema, umebakiwa na kahawa moja. Anayetaka kuona miji apande meli ya utalii, au atafute meli ya shehena mchanganyiko, ambayo hupakia taratibu.

Kwa hiyo usiniulize “kuna meli tarehe 12?” Niambie unatoka pande zipi, unakwenda pande zipi, na una siku ngapi za kupoteza kila upande. Mwenye nafasi ya siku 10 huku na 10 kule namtafutia safari. Mwenye harusi Jumamosi namwelekeza uwanja wa ndege, wala simchukii.

Afya nitaipitia haraka. Melini hakuna daktari. Sheria za kazi za mabaharia zinamdai pale tu ambapo meli ina watu 100 au zaidi na safari ya kimataifa inazidi siku tatu. Anayekutibu ni ofisa aliyesomea huduma ya kwanza, akiongozwa na daktari wa nchi kavu kwa redio au setilaiti. Ndiyo sababu ya kikomo cha umri, mara nyingi kati ya miaka 75 na 80, na ya bima ya meli kuacha njia: ukiugua katikati ya bahari na nahodha akageuza meli, zile dola 2,000 kwa saa lazima mtu azilipe. Cheti cha daktari nakidai kwa kila mtu, lakini sikiamini kama ninavyojifanya. Mzee wa miaka 78 anayepanda ngazi kila siku namwamini kuliko kijana wa 40 anayehema akiongea na simu. Kampuni inataka karatasi, natuma karatasi.

Viza ya Marekani: usiende na kile kibali cha mtandaoni cha wasiohitaji viza. Utaratibu ule unategemea kampuni ya usafiri iliyosaini makubaliano na serikali yao, na meli za mizigo kwa kawaida hazimo. Kata viza kamili kwanza, ndipo uje kwangu.

Wanaotaka kupita Mfereji wa Suez nawajibu kwa kusita, maana njia yake ni Bahari ya Shamu. Tangu mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, dhidi ya meli kwenye bahari hiyo yaanze Novemba 2023, kampuni nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, na hiyo huongeza siku 10 au zaidi, yaani euro 1,000 nyingine. Mabaharia wapitao huko wana mkataba na posho ya hatari. Abiria ana kamera. Sijaamua kama ni haki kumuuzia mtu njia ile hata kampuni ikikubali.

Na kuna mahali pamoja ambapo hoja ya “inakwenda huko huko” hunibana kweli: moshi. Mtu mmoja na begi lake hawaongezi mafuta yanayopimika kwenye meli ya tani laki moja. Zamani nilikuwa nikiliweka hilo kwenye matangazo. Kisha mteja mmoja akaniuliza kama kiti kitupu cha ndege nacho hakiendi huko huko. Nimeliondoa.

Kwa anayetaka safari ambayo meli ni usafiri wa lazima, kipo kisiwa cha Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya kusini. Hakina uwanja wa ndege. Njia ya kawaida ni meli kutoka Cape Town, kama wiki moja baharini hali ikiwa nzuri, na nafasi ni chache mno. Hata huko abiria hupangwa kwa zamu ya umuhimu: wagonjwa, wenyeji na watumishi mbele, mtalii nyuma, na kitanda ulichoshikiwa kinaweza kuchukuliwa na mwenye haja zaidi. Bahari ikichafuka siku ya kufika, meli hungoja nje hadi boti ziweze kushusha watu. Kabla ya kuuliza nauli, omba kwanza ruhusa ya Baraza la Kisiwa.