Propela shafti ya gari lililonyanyuliwa: maneno ya gereji na ukweli wake

Mwenye Hilux au Land Cruiser akishanyanyua gari lake inchi tatu au nne, mtetemo ukianza huambiwa: "Badilisha propela ya nyuma, weka nene." Propela ni shafti inayopeleka nguvu kutoka transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) hadi difu, ile giaboksi iliyo katikati ya ekseli. Ushauri huo una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi. Lakini mara nyingi pesa inakwenda kwenye chuma wakati ugonjwa uko kwenye pembe.

"Gari likipanda, propela inakuwa fupi. Tafuta ndefu." Tupige hesabu. Tuseme kutoka transfa hadi difu ni sentimita 120, na difu iko sentimita 10 chini ya transfa. Ukinyanyua gari sentimita 10 zaidi, propela inadaiwa urefu wa sentimita 1.2 tu, na kwa kawaida meno yake ya kuteleza, yanayoiruhusu kurefuka na kufupika, yanaumeza. Kinachopanda ni pembe: kutoka karibu digrii 5 hadi 9 na nusu. Sasa chukua gari fupi kama Jeep Wrangler TJ, ile ya 1997 hadi 2006, ambayo propela yake ya nyuma ni fupi mno. Umbali ukiwa nusu mita, mnyanyuko uleule unakutoa digrii 11 hadi karibu 22. Ndiyo maana wenye TJ huanza kulalamika mapema, wakati mwenye Land Cruiser ndefu bado anapeta.

Kila ncha ya propela ina krosi, kiungio kinachoiruhusu kupinda. Krosi moja iliyopinda haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha kidogo kisha inapunguza kidogo, na hufanya hivyo mara mbili. Kwenye digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kila upande. Kwenye digrii 22 inafika asilimia 7 hadi 8. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, mradi pembe zao ziwe sawa na yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili zikae mstari mmoja. Propela yenyewe, iliyo katikati, haina wa kuifutia. Inavutwa na kuachwa mara maelfu kwa dakika, na hapo ndipo krosi mpya zinapokwisha kabla hujazizoea.

Kwa hiyo kabla ya kuifungua, piga alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili vya meno. Ukiirudisha jino moja pembeni, umetengeneza mtetemo kwa mikono yako. Wapo mafundi wanaosema "itajikaa yenyewe". Haijikai.

"Weka dabo kadani, basi, yamekwisha." Dabo kadani ni krosi mbili zilizobebana upande wa transfa, zinagawana pembe na kufutana palepale. Ni kifaa kizuri, na kwa gari fupi lililonyanyuka sana mimi ningekichagua bila kusita. Ila kinabadilisha masharti. Propela ya kawaida inataka pua ya difu, pale propela inapoingia, ilale sambamba na mdomo wa transfa, pale inapotokea. Dabo kadani inataka pua ya difu iinuke itazame transfa, digrii 1 au 2 chini ya mstari kamili, kwa sababu ukikanyaga mafuta pua hupanda yenyewe. Ukifunga dabo kadani na kuiacha difu ilivyokuwa, krosi ya chini inabaki na pembe isiyo na mwenzake wa kuifuta, na gari litatetema kuliko mwanzo. Gari la springi za bapa unaliwekea kabari za chuma kati ya springi na ekseli. La springi za koili linahitaji mikono ya ekseli inayorekebishika. Na pua ikishainuka sana, angalia oili ya difu, maana beringi ya mbele ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela) inaweza kuikosa.

Wenye Hilux wana dawa ya bei nafuu. Propela yao kwa kawaida ni vipande viwili vyenye senta beringi katikati. Gari likinyanyuka, kipande cha mbele kinabaki pale pale na cha nyuma kinainama, kwa hiyo gari linatetemeka ukiondoka tu. Mara nyingi kuishusha senta beringi kidogo kwa vipande vya chuma kunatosha.

"Nene ndiyo imara." Bomba la chuma kinene huvumilia mawe. Lakini mwendo ambao propela inaanza kuyumba kama kamba hutegemea zaidi upana wa bomba na urefu wake. Unene wa ukuta unachangia kidogo sana. Krosi nazo zina ujanja wake. Katika vipimo vya Spicer, watengenezaji wa krosi, namba 1330 ni pana kuliko 1310, milimita 92 kwa 82, ila vikombe vya beringi kwenye ncha zao vyote ni vya milimita 27. Nguvu inaongezeka kweli ukifika 1350, yenye vikombe vya milimita 30. Na ukiimarisha krosi kupita kiasi, kitakachokatika ni pinioni au ekseli. Mimi naona afadhali ikatike krosi.

Krosi isiyo na nipeli ya grisi je? Si dhaifu. Haijatobolewa katikati, kwa hiyo ina chuma zaidi. Yenye nipeli inawafaa wanaovuka mito na wanaokumbuka kupiga grisi wakitoka.

"Ni matairi tu, kabalansi." Huenda. Tairi la inchi 33 kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka mara 8 hivi kwa sekunde, unalihisi kwenye usukani. Difu ikiwa 4.1, propela inazunguka karibu mara 35, na krosi mbovu inapiga mara mbili ya hapo. Huo ni mngurumo, unausikia kwenye sakafu na kiti. Propela iliyokatwa na kuchomelewa lazima ikabalansiwe mashineni, hata kama fundi ni bingwa.

Mwisho kuna suala la kurudi nyumbani propela ya nyuma ikiharibika njiani. TJ nyingi za kiwandani zina yoki inayoteleza ndani ya transfa. Ukiichomoa propela ya nyuma, oili inamwagika. Ndiyo sababu wengi hubadilisha mdomo huo uwe wa kufungwa kwa bolti. Land Cruiser za mfululizo wa 70 tayari ziko hivyo: fungua bolti, weka fowili (nguvu iende magurudumu yote manne), rudi kwa magurudumu ya mbele. Kwenye Defender za zamani, funga kwanza loki ya difu ya kati, na uweke mawe kwenye magurudumu kabla ya kugusa bolti, maana handibreki yake inashika shafti hiyohiyo unayoitoa.