Kanisa na ua kwenye karatasi moja: dhana potofu na ukweli

Vijana wanaochora huku Nyanda za Juu Kusini wakifungua daftari zao huulizwa: mbona umechora mnara wa kanisa, halafu pembeni umeweka ua la mmea?

Dhana: Msanii kaishiwa karatasi, au kachanganya mambo.

Ukweli: Ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1891, Wamoravian walipoanzisha misheni ya Rungwe, msanifu majengo kijana wa Scotland, Charles Rennie Mackintosh, alikuwa Italia akichora makanisa. Mimea nayo aliichora kwa miaka mingi. Mafundi wa karne ya 13 walichonga majani katika kanisa la Southwell, Uingereza, kwa usahihi unaokuwezesha kuutambua mwaloni na mzabibu hadi leo.

Dhana: Jengo ndilo kazi, ua ni pambo tu.

Dhana hii ndiyo inayowaharibia wengi. Ua la okidi lina sepali tatu (vipande vya nje vya ua) na petali tatu (vya ndani), na petali moja hugeuka kuwa mdomo. Kwenye okidi za jenasi ya Satyrium mdomo huo uko juu, umejikunja kama kofia, na nyuma yake vinaning'inia vijimkia viwili. Kwenye jenasi nyingine, Disa, kofia ni sepali, na kijimkia kwa kawaida ni kimoja. Asiyehesabu atazichora zifanane, na mchoro wake hautamfaa anayetaka kuzitambua. Tao la dirisha lenye ncha nalo lina kanuni yake: kila upande ni kipande cha duara lenye kitovu chake. Ukilikisia tu, linalegea. Jicho linalotafuta vitovu viwili vya tao ndilo hilo hilo linalohesabu vijimkia vya okidi.

Dhana: Chuma ua, ukalichore nyumbani.

Tafadhali, usichume. Kitulo, "Bustani ya Mungu", ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na okidi za nyanda hizi zimeandamwa vya kutosha na wachimbaji wa chikanda, yaani viazi vya okidi vya kuliwa, vinavyouzwa hadi Zambia. Nenda kati ya Desemba na Machi, kaa chini, chora mmea ukiwa umesimama kwenye udongo wake.

Dhana: Simu inatosha.

Picha ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini haikulazimishi kujua tao linaanzia wapi. Makanisa ya zamani hukarabatiwa, paa na madirisha yakabadilika. Kwa hiyo andika pembeni ya mchoro tarehe, mahali, upande uliosimama, na urefu wa mmea kwa sentimita.