Jamani, oili haikauki: kuvalisha gripu mpya kwenye usukani wa pikipiki

Kaja tena mmoja juzi, dereva boda wa Nkuhungu, gripu (ile mipira ya kushikia kwenye usukani) mpya kabisa bado zinanukia dukani, ananiambia "fundi nikazie waya wa eksileta, umelegea". Nikashika. Waya hauna shida hata kidogo, kinachozunguka ni mpira peke yake, na kwa ndani umelowa oili ya injini. Nani kakuvalisha hii? "Kuna dogo pale kijiweni, alisema ukipaka oili inaingia chap, afu inakauka yenyewe."

Inakauka yenyewe! Hii kauli nimeisikia mpaka basi, ndo maana leo naandika, nikiulizwa tena nitakuwa natuma linki tu, sibishani na mtu.

Oili haikauki. Dondosha tone moja juu ya bati, lianike na jua hili la Dodoma la mwezi wa kumi, rudi jioni uangalie: lipo palepale, limeongezeka vumbi tu. Sasa hilo lilikuwa juani, upepo unapiga, hiyo ya ndani ya gripu ambako hata hewa haipiti itakaukia wapi? Afu oili na mpira haviivani kabisa, mpira ukikaa na oili unavimba, unalainika, tundu linapanuka, kwa hiyo gripu iliyoingia kwa shida Jumatatu baada ya muda unaivuta kwa vidole viwili. Mtu anarudi dukani kugomba kwamba kauziwa feki. Mafuta ya mgando ni yaleyale, grisi ndo usiseme.

Na mnachosahau ni kwamba gripu ya kulia haijafungwa na kitu. Haina nati, haina pini. Imekaa juu ya kibomba cha plastiki, kile kibomba ndo kinavuta waya, waya ndo unafungua kabureta. Yaani kati ya kiganja chako na injini kuna mbano wa mpira juu ya plastiki, basi. Ukiweka oili hapo katikati, siku unaovateki semi barabara ya Dar, umebeba mama na mtoto, unazungusha mkono na pikipiki haiendi, unazungusha tena, mara mpira unashika ghafla moto wote unakuja kwa pamoja. Hapo utasema waya umelegea?

Ya kushoto watu wanaidharau kwa sababu haizunguki. Sawa, ila ndo mkono unaovuta klachi, na kwenye barabara za vumbi zenye makorongo ndo mkono unaojishikilia. Ikichomoka kwenye shimo utajua umuhimu wake.

Kuna kundi la pili, wajanja wa sabuni ya maji. Hawa angalau wana hoja, sabuni inakauka kweli. Shida inabaki mle ndani, ikipata maji inateleza upya. Huku kwetu mvua hakuna miezi mingi, kwa hiyo mtu anavalisha mwezi wa saba, anatamba kijiweni kwamba mafundi tunawaibia, ikifika Desemba mvua ya kwanza ikinyesha gripu inacheza na haelewi kwa nini. Upande wa kushoto maji ya sabuni yanakaa kwenye chuma, unaota kutu.

Sasa inavyotakiwa, fasta tu kwa sababu kazi yenyewe sio ngumu. Ya zamani ichane na wembe, upande wa kulia kata taratibu usifike kwenye plastiki. Kama unataka kuitumia tena nenda kwa jamaa wa pancha mwenye kompresa, ingiza mdomo wa hewa chini ya ukingo, mpira unajaa upepo unachomoka wenyewe. Kutu ya kushoto piga msasa. Futa kote na spiriti, hii ya duka la dawa, tambaa likitoka jeusi rudia. Halafu angalia matundu kabla hujasukuma: gripu mbili za seti moja hazilingani, ya kushoto inakaa kwenye chuma cha milimita 22, ya kulia tundu lake ni kubwa zaidi kwa ajili ya kile kibomba. Nimeona watu wanalazimisha ya kushoto iende kulia huku wanatukana Wachina.

Mimina spiriti kidogo ndani, zungusha ilowe kote, mwaga, sukuma huku unapinda, mfululizo. Ukisimama nusu ya safari spiriti inaruka na mpira unakugandia palepale. Hiyo ndo raha yake, inateleza sekunde chache halafu inapotea.

Petroli? Tunaitumia wengi, na mimi spiriti ikiisha naitumia, inaruka vizuri. Ila roho hainitulii, nayo inaula mpira kama ikituama, na kijiweni daima kuna mtu na sigara yake.

Kwenye gundi sina msimamo. Maelekezo ya gundi za gripu mengi yanataka pikipiki ilale usiku kucha, na boda gani atailaza wakati hesabu ya bosi inamsubiri? Gripu ikibana vizuri mimi naacha bila gundi, na kwa joto letu naona inashika, lakini fundi akiniambia ya kulia lazima gundi siwezi kumbishia. Supa gluu ndo nakataa, inakauka ngumu inapasuka, na siku ya kuitoa unavunja kibomba. Kufunga gripu kwa nje na waya mwembamba sio ushamba, waendesha pikipiki za mashindano wanafanya, gripu nyingine zina mfereji kabisa wa waya, ila ncha uikunje izame kwenye mpira isije ikakuchana kiganja.

Kitu kimoja usiruke. Ya kulia usiisukume mpaka igusane na boksi la swichi, acha uwazi mdogo, kama unene wa shilingi mia mbili. Ikikwaruza pale eksileta hairudi. Kabla hujawasha, pinda usukani kushoto mpaka mwisho, zungusha eksileta, achia. Irudi kwa mlio, tap. Kulia hivyohivyo. Ikirudi kwa uvivu hujamaliza kazi, usimkabidhi mtu.

Kwa wale mlioshapaka oili: kama ni ya jana, ichomoe, osha na sabuni, suuza sana, ianike, futa na spiriti, itapona. Ikiwa imeshavimba tupa. Wa Nkuhungu yake ilikuwa imevimba, akaniomba niibane na raba ya tyubu mpaka mwisho wa wiki. Nilikataa, akanuna, akaenda kununua nyingine.