Umri wa kibayolojia: meno ya punda na mgongo wake

Anayenunua punda Lamu haulizi amezaliwa mwaka gani. Humfunua mdomo, akatazama meno yamesagika kiasi gani, akakisia miaka. Halafu humzunguka: hupapasa mgongo kutafuta makovu ya shogi, yale matandiko ya kubebea mizigo, huinua kwato, humtembeza hatua chache kichochoroni. Meno yamemwambia punda ameishi miaka mingapi. Mgongo na mwendo vinamwambia amebakiwa na nguvu gani. Punda wawili wa umri mmoja, mmoja aliyebebeshwa mchanga na mawe tangu udogoni na mwingine aliyelelewa kwa upole, hawauzwi bei moja.

Watafiti wa uzee wanafanya kazi hiyohiyo kwa binadamu. Miaka ya kalenda ni ile unayohesabu tangu kuzaliwa. Umri wa kibayolojia ni makadirio ya mwili umechakaa kiasi gani, ukilinganishwa na watu wengine. Mtu wa miaka 60 akiambiwa mwili wake ni wa miaka 67, maana yake vipimo vyake vinafanana na vya watu wa 67 katika kundi lililotumika kulinganishia. Basi. Hakuambiwa siku yake ya kufa.

Mwaka 2013 Steve Horvath, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, alichapisha kile kinachoitwa saa ya epijenetiki. Juu ya vinasaba vyetu hubandikwa alama ndogo za kikemia, metili, na alama hizo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Horvath alichagua sehemu 353 za vinasaba, na kwa hizo aliweza kukisia umri wa mtu akikosea kwa miaka michache tu. Ajabu, lakini hayo ni meno. Saa inayolenga kukisia kalenda ikipatia kabisa haina jipya la kukwambia; ungeuliza tu cheti cha kuzaliwa.

Ndiyo maana mwaka 2018 Morgan Levine na wenzake waligeukia mgongo. Walichukua vipimo 9 vya damu, vingi vyake vya kawaida hospitalini, kama sukari, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, albumini ambayo ni protini ya damu, na seli nyeupe. Wakaviunganisha na miaka ya mtu, wakiuliza swali jingine: nani yuko katika hatari ya kufa mapema? Saa ya namna hii inaruhusiwa kutofautiana na kalenda, na tofauti hiyo ndiyo bidhaa yenyewe.

Afya ya umma inaitaka kwa sababu ya haraka. Ukitaka kujua kama kupunguza chumvi au moshi wa jikoni kunarefusha maisha, kungoja watu wafe ni kazi ya miaka 20. Kipimo cha uchakavu kingekupa fununu baada ya miaka 2. Ila saa hizi hazisemi lugha moja. Katika jaribio la Marekani ambapo watu walipunguza chakula kwa miaka 2, saa moja ilionyesha kasi ya kuzeeka imepungua kwa asilimia 2 hadi 3, na nyingine hazikuonyesha badiliko la maana. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha mate mtandaoni akakuhakikishia umri wako halisi, mimi singempa hata nauli ya boti ya Mokowe.

Huku kwetu pana tatizo jingine. Wamo wazee ambao vipande vyao, yaani vitambulisho, vimeandikwa 1 Januari, mwaka ukiwa wa kukisia: Uhuru wa 1963 ulimkuta ameshabaleghe, basi mwandikie hivi. Kwa fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee unaoanzia miaka 70, kukisia huko kuna uzito. Kwa mtafiti kuna uzito pia, maana yeye hutoa umri wa kalenda kwenye umri wa kibayolojia ili apate tofauti. Kalenda ikiwa ya kubuni, tofauti nayo ni ya kubuni.

Njia ya kulikwepa hilo ni kumpima mtu huyohuyo tena na tena. Mji wa Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Walipofika 38, wote rika moja, umri wao wa kibayolojia ulitawanyika kutoka 28 hadi 61. Kutokana na kundi hilo kilipatikana kipimo cha kasi: hakiulizi umefika wapi, kinauliza unakwenda mbio gani.

Tena si lazima maabara. Nguvu ya kiganja kubana kifaa cha mkono ilipimwa katika nchi 17, na kila kilo 5 zilizopungua ziliendana na hatari ya kufa kubwa zaidi kwa asilimia 16. Mwendo nao: mzee akitembea mita 4 kwa zaidi ya sekunde 5, daktari huanza kuuliza maswali. Saa ya sekunde inapatikana kwenye simu yoyote. Kazi ni kuzipata mtaani Mkomani, Lamu, mita 4 zilizonyooka, bila ngazi wala punda wa kumpisha.