Huzuni Haipofushi Jicho

Hapa Goma, wimbo wa huzuni ukipigwa kwenye teksi, hakosekani abiria wa kulalamika: "Huyu hana shukrani. Amezungukwa na uzuri, yeye analia tu."

Amesikia vibaya. Tuseme mwimbaji anaimba kwamba Ziwa Kivu liling'aa asubuhi nzima, mitumbwi ikarudi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, naye akabaki kuhesabu mawe meusi ya volkano miguuni pake. Huo mng'ao tumetajiwa na nani? Na yeye mwenyewe. Aliuona. Kilichomkimbia ni ladha yake. Madaktari wa akili wanaifahamu hali hii: mtu aliyezama katika sonona anaweza kupoteza hamu na furaha hata kwa vitu alivyovipenda, ilhali macho yake ni mazima. Kumwambia "fungua macho" ni sawa na kumwekea mgonjwa wa homa sahani ya samaki ukamshangaa kwa nini hali.

Mtunzi stadi hulitumia pengo hilo kati ya kuona na kufurahia. Hutuonyesha sisi kile ambacho mhusika wake hakigusi, nasi tunaumia kwa sababu tunajua jua halitamsubiri. (Mhusika, tena, si lazima awe mtunzi mwenyewe. Hilo tunalisahau upesi.)

Halafu kuna suala la mdundo. Gitaa likichangamka, watu hudhani na maneno yamechangamka. "Mokolo Nakokufa" wa mwanamuziki wa Kongo Tabu Ley Rochereau, yaani "siku nitakapokufa" kwa Kilingala, unazungumzia kifo waziwazi. Bado watu huinuka kuucheza.