Daraja lipo sahivi, kusimama ni juu yako

Haipiti wiki sijapata meseji ya mtu anauliza, kaka, kuzunguka Ziwa Victoria lote na gari binafsi inachukua siku ngapi, na kabla sijajibu anaongezea mwenyewe kwamba ameshapiga hesabu na anaona siku 4 zinatosha. Hesabu yake wala haina kosa. Kutoka hapa Mwanza kupanda Musoma, kuvuka Sirari, Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, kushuka Bukoba, Biharamulo, Geita mpaka kurudi tena Mwanza ni kama kilomita 1,500 na ushee, na karibu yote ni lami, kwahiyo ukigawa kwa 4 unapata chini kidogo ya kilomita 400 kwa siku na gari nzima inaziweza. Ila hiyo ni hesabu ya gari. Mtu aliyekaa ndani ya hilo gari hajapigiwa hesabu bado.

Mi kazi yangu ndo hii, kuendesha na kuongoza safari ndefu za barabarani, na nikizunguka ziwa na watu natumia siku 14. Mwaka 1875 Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alilizunguka kwa boti akianzia huku huku kusini karibu na Mwanza na ikamchukua karibu miezi 2, sasa siku 14 mtu anaona nyingi.

Niwaambie nilikotoka maana sikuanza hivi. Zamani nilikuwa naona sifa ya dereva ni kuunga, yaani kwenda moja kwa moja bila kulala njiani. Kuna siku nilitoka Kampala saa 11 alfajiri nina wageni wawili, mzee mmoja na mkewe, watu wa Arusha, nikataka nilale Mwanza siku hiyo hiyo, zaidi ya kilomita 700 na mpaka katikati, na kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, kuwahi kivuko cha Busisi, ile pantoni ya kuvukia ziwa kabla ya kuingia Mwanza. Mutukula tukapita haraka, Kyaka kwenye daraja la Mto Kagera, lile lililovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, mzee aliomba tusimame aangalie, nikamwambia mzee wangu tutachelewa. Bukoba tukala ndizi kwa dakika 15. Tumeipita Muleba muda kidogo, jua linapiga upande wa kulia usoni, nikasikia changarawe zinagonga chini ya gari. Nilikuwa nimelala. Macho yako wazi kabisa na nimelala. Tairi za kushoto zimeshatoka nje ya lami, nikarudisha usukani taratibu, nashukuru Mungu sikuukata kwa nguvu maana tungebiringika. Mzee wala hakusema neno, alinyoosha tu mkono akanishika bega. Ukienda spidi 80 gari inakula mita 22 kwa sekunde moja, kwahiyo kusinzia sekunde 3 tu ni mita 66 hakuna mtu anaendesha.

Na baada ya yote hayo tumefika Busisi usiku tukakuta foleni. Lori za ndizi kutoka Kagera, mabasi, wagonjwa, watu na kuku wao. Tukakaa saa moja na nusu. Mama mmoja alikuwa anakaanga sato kwenye karai pembeni ya njia, taa yake ya kandili imening'inia kwenye mti, tukala pale tumesimama na chumvi na pilipili tu, dereva wa lori akaja akaanza stori na yule mzee kumbe wote walisoma shule moja, mkewe akavua viatu akakaa kwenye jiwe anaangalia maji. Miezi kadhaa baadae mzee alinipigia simu tukaongea, na safari nzima ya nchi tatu anayoisimulia ni ile foleni. Si Jinja, si Kampala, wala hoteli niliyomlaza kwa hela nyingi. Foleni ya Busisi. Nilikaa na hiyo kitu kichwani siku nyingi sana.

Sasa foleni hiyo haipo. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache tu. Na nisieleweke vibaya, nalifurahia hilo daraja kuliko mtu yeyote, nimeshaona kina mama wajawazito wamelazwa kwenye benchi wanasubiri kivuko usiku, na hakuna utamu wa safari unaolipia hilo. Ila kwa msafiri kuna kitu kimebadilika. Kile kivuko kilikuwa kinakusimamisha utake usitake. Ulikuwa unashuka, unanyoosha miguu, unaongea na mtu usiyemjua. Sahivi hakuna kinachokusimamisha kuanzia Geita mpaka mlangoni kwako, kwahiyo hicho kituo ni wewe ukitengeneze mwenyewe, na usipokipanga kabla hujawasha gari hakitatokea, nakuhakikishia, maana mguu ukishazoea mafuta kila sehemu unaiona ya kupita tu.

Mi navyofanya ni hivi. Saa 8 mchana gari inazimwa. Popote. Tunatoka saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, tunatembea kilomita 150 mpaka 200, ikizidi sana 250, na saa 8 tumeshafika tunapolala, ina maana kuna masaa kama 5 ya mwanga yamebaki. Huku kwetu jua linachelewa, linazama karibu saa 12 na dakika 50 jioni, Dar wanatangulia kama dakika 25 hivi kwa sababu wako mashariki zaidi, lakini likishazama giza halisubiri, saa 1 na robo huoni ng'ombe barabarani mpaka umgonge. Hayo masaa 5 ndo safari yenyewe. Asubuhi ni barabara, mchana ni mahali. Mtu anayefika saa 1 usiku na kuondoka saa 12 asubuhi Musoma hajaiona, kalala tu Musoma.

Mwelekeo nao una maana yake. Nazunguka kinyume cha mshale wa saa, Musoma kwanza, Bukoba mwisho. Nchi zote tatu tunaendesha kushoto, kwahiyo ukizunguka hivo ziwa linakuwa upande wako wa kushoto safari nzima, ukiona sehemu nzuri unachepuka hapo hapo bila kukatiza mbele ya lori. Sababu ya pili ni kipande cha Busia mpaka Kampala, kina malori mengi mno, mizigo mingi ya kutoka Mombasa inapita humo, unakikuta katikati ya safari mwili umeshazoea ila haujachoka, halafu upande wa magharibi kuanzia Masaka unakupumzisha. Na niseme ukweli, ziwa lenyewe utaliona mara chache kuliko unavyodhani. Barabara inakaa mbali na maji sehemu nyingi. Lazima uchepuke kulifuata.

Siku ya kwanza watu wananishangaa maana nawalaza Lamadi, karibu na geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, sio mbali hata kidogo, wengine wanalalamika kwamba ndo kwanza tumetoka. Ila safari zangu nazipanga kwa mwezi, ule wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu na mitumbwi mingi inalala pwani. Kwahiyo ukienda siku ambazo mwezi haujaandama, ikifika saa 2 usiku unakaa ufukweni unaiona Ghuba ya Speke imewaka taa kutoka mwisho mpaka mwisho, unaweza kuapa kuna mji ng'ambo. Hakuna mji, ni dagaa. Asubuhi tunashuka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mitumbwi inarudi. Safari moja nilikuwa na dada mmoja, muda wote yuko na simu anapiga picha, mama mmoja aliyekuwa anaanika akamwangalia weee, akamwambia mwanangu weka hiyo simu uje unisaidie. Akampa ufagio laini. Dagaa wanamwagwa kwenye nyavu zilizotandazwa, wakiwa wabichi wana rangi ya fedha na macho meusi, wanateleza, unawasambaza taratibu wasipandane maana waliopandana wanaoza kabla hawajakauka, halafu jua likipanda unawageuza. Yule dada alifanya hiyo kazi mpaka saa 4. Tulichelewa kuondoka na sikumharakisha. Mpaka Sirari alikuwa ananusa vidole vyake anacheka.

Salamu jifunze kabla hujafika. Usukumani asubuhi ni mwangaluka, ukiingia kwa Wajaluo ni oyawore, ukifika kwa Waganda ni wasuze otya, na ukimsalimia mtu unaongeza nyabo kwa mwanamke na ssebo kwa mwanaume. Maneno matatu tu. Nimeona bei ya nanasi inashuka kwa salamu.

Mipakani nenda asubuhi, paspoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari, na bima ya Comesa ile ya njano ya kuvukia mipaka, vyote kwenye bahasha moja anakaa nayo mtu mmoja. Mutukula na Busia forodha za nchi mbili zinakaa pamoja, unahudumiwa sehemu moja. Basi, hapo sina mengi.

Kwenye ikweta utavuka mara mbili, Maseno ukitoka Kisumu na Kayabwe ukitoka Kampala. Kayabwe watakuonyesha maji kwenye beseni yanazunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Angalia, lipa, wapate riziki, ila ujue hatua chache kama zile mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni, yanageuzwa na namna alivyoyamimina. Mi nawaambia wageni wangu hivo tukishaondoka, napenda wajue. Cha kusimamia hasa njia hiyo ni Lukaya, vijana wanakimbilia gari na mishikaki na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, mikono yote miwili. Usile kwenye gari. Shuka, kaa, kula.

Bukoba kuna jambo la hali ya hewa wengi hawalijui. Usiku ziwa lina joto kuliko nchi kavu, hewa inapanda inatengeneza radi juu ya maji, halafu upepo wa mashariki unazisukuma kuelekea magharibi, ndo maana Bukoba inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka na sisi Mwanza kama 1,000 hivi. Mara nyingi inanyesha alfajiri na asubuhi. Kwahiyo kule sheria yangu ya kutoka mapema naivunja. Tunakaa, mvua inapiga bati, mwenyeji anatuletea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, unatafuna polepole uchungu unakuja kisha unatulia. Siku ya mvua Bukoba usiihesabu kuwa imepotea. Na kila siku 3 za barabara weka siku moja gari isiguswe kabisa, funguo nampa mtu mwingine ashike.

Kuhusu gari nitaandika siku nyingine kwa urefu, ila mawili. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, sio baada ya kutembea maana joto linapandisha namba na utapunguza upepo ambao haukuwa umezidi. Na mizigo mizito kaa nayo chini, juu kwenye keria weka tenti na magodoro tu, nimeshaona gari zinayumba kwenye kona za Kagera kwa sababu ya madumu ya maji juu. Kuogelea sehemu zenye magugu na maji yaliyotuama acha, kichocho kipo.

Safari iliyopita tumemaliza Geita, watu wamechoka ile kuchoka vizuri, daraja tunaliona kwa mbele. Saa 7 mchana. Nikachepuka kushuka kule kivuko kilipokuwa kinatia nanga. Nikamtafuta yule mama wa karai sikumkuta, nikamkuta mwingine, shikamoo, marahaba, nikaagiza sato 5. Akaangalia namba za gari, akaangalia daraja, akaniuliza mwanangu mnasubiri nini huku na njia iko wazi. Nikamwambia tunasubiri samaki. Akasogeza kuni, akamwita mwanae alete mabenchi.